Gari inagoma kuwaka asubuhi ya baridi: pima kwanza, betri mpya baadaye

Kila ikifika Juni maswali ni yale yale, ya Njombe, Makete, Mafinga, Mbeya huko juu, na wa upande wa Kenya kule Limuru na Kinangop nao hivyo hivyo. Gari jana jioni imezimwa ikiwa nzima, asubuhi unapiga stata inafanya tk tk tk tk afu kimya. Mtu anaomba jirani amshtulie, yani aunge waya kutoka betri ya gari yake, inawaka, anaenda zake, kesho tena. Mwisho anachoka ananunua betri mpya, na wengine hata hiyo mpya inagoma kabla mwezi haujaisha, hapo ndo anaanza kusema gari ina mkosi.

Wengi wanakwama kwa sababu wanarukia dawa bila kupima. Kwa hiyo hapa nimepanga hatua kwa mpangilio wa kupima, usiruke moja kwenda nyingine manake jibu la hatua ya pili ndo linakupa maana ya hatua ya sita. Naongelea gari za kawaida za volti 12, petroli na dizeli. Hybrid na magari ya volti 24 yako kwenye sehemu ya kushtua, huko ndo vitu vinaungua.

## Kitu kimoja cha kuelewa kabla hujashika spana

Betri inatoa umeme kwa kemikali, na kemikali ikipoa inafanya kazi polepole. Kwenye nyuzi sifuri nguvu ya betri ya kuzungusha stata inapungua kwa kama theluthi moja ukilinganisha na siku ya joto. Wakati huo huo oil ndani ya injini imekuwa nzito, kwa hiyo stata inadai umeme mwingi zaidi kutoka kwenye betri ambayo ina nguvu kidogo zaidi.

Ila kinachoua betri ni joto, baridi inaifichua tu. Ndo maana unakuta gari imekaa Dar miaka miwili mitatu haijawahi kusumbua, mwenye gari anapanda nayo Makete msibani, analala usiku mmoja, asubuhi haiwaki na watu wanasema baridi imeua betri. Hapana, iliuliwa taratibu na joto la Dar, kule chini ilikuwa inabebwa na hali ya hewa.

## Vitu vya kuwa navyo

- Testa ya dijitali. Ya bei rahisi inatosha, ili mradi isome volti za DC na iwe na tundu la ampea 10.
- Spana namba 10, magari mengi ya Kijapani teminali zake (zile pete za waya zinazobana vichwa vya betri) zinafunguka na hiyo. Beba na 12 kwa ajili ya athi, ule waya mweusi unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini.
- Brashi ya waya au msasa.
- Magadi soda na maji ya uvuguvugu.
- Maji ya betri, yale ya chupa yaliyokenekwa (distilled). Maji ya bomba na ya mvua hapana.
- Glavu na miwani. Asidi ikiruka jichoni ni hospitali.
- Chaja ya betri, au hela ya kumpa fundi anayechajisha.
- Waya za kushtulia zilizo nene kweli. Zile nyingi za barabarani ni plastiki nene, ndani kuna nyuzi chache, ukipiga stata zinapata moto afu hamna kitu. Bonyeza waya kwa vidole, ukiwa laini sana ujue ni plastiki.

## Hatua ya 1: Sikiliza inagoma vipi

Fanya asubuhi ile ile kabla hujaomba msaada. Washa taa kubwa, piga stata, mtu mwingine aangalie taa.

Tk tk tk nyingi na taa zinafifia: umeme haufiki wa kutosha. Ni betri imeishiwa au teminali mbovu. Nenda hatua ya 2.

Tk moja tu, taa zinabaki kali: betri inaweza kuwa nzima, shaka iko kwenye stata au waya wake.

Kimya kabisa, taa kali: angalia gia iko P au N, kwenye manyo angalia klachi umekanyaga mpaka chini, angalia na kitaa cha ufunguo kwenye dashibodi. Hii watu wanaidharau afu fundi anawala hela.

Injini inazunguka kwa kasi ya kawaida ila haishiki: achana na betri kabisa. Ni mafuta, plagi, au kwa dizeli ni hita plagi (zile za kupasha joto injini kabla ya kuwaka), nenda moja kwa moja hatua ya 8. Kama ni petroli na unasikia harufu ya mafuta, umeizamisha, kanyaga mafuta mpaka chini na upige stata ukiwa umekanyaga hivyo hivyo, gari nyingi za EFI (zinazopuliza mafuta kwa kompyuta) zinakata mafuta ukifanya hivyo na injini inajikausha.

Onyo: usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Pumzisha nusu dakika au dakika nzima ndo urudie, stata inachemka haraka na betri inamalizika bure.

## Hatua ya 2: Pima betri ikiwa imelala

Gari iwe imezimwa usiku mzima. Fungua boneti jioni kabla hujafunga gari, uache imeegemea tu bila kubana, ili asubuhi usifungue mlango ukaamsha taa za ndani na kompyuta. Weka testa kwenye volti 20 DC, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, gusa risasi yenyewe ya kichwa cha betri.

- 12.6 kwenda juu: imejaa
- 12.4: robo tatu hivi
- 12.2: nusu
- 12.0: robo
- 11.8 kushuka: tupu

Nusu ya betri kwa Dar inawasha gari bila shida. Nusu ya betri Njombe saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba, kule karibu mita 2,000 juu ya bahari, ni kubahatisha.

Usipime muda mfupi baada ya kushtua au kutoka kuendesha. Namba inakuwa ya uongo, betri inaonyesha 12.8 ya juu juu tu, baada ya masaa inarudi ilipokuwa. Watu wengi wanadanganyika hapa, wanasema betri nzima wanaanza kubadilisha stata.

## Hatua ya 3: Safisha vichwa, teminali na athi

Fanya hii hata kama unaona pasafi. Kwa uzoefu wangu magari mengi yanayoitwa "betri mbovu" yanapona hapa hapa.

Zima kila kitu, toa ufunguo. Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Sababu ni kwamba spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya na hasi bado imefungwa, unapata cheche kubwa karibu na betri inayotoa gesi ya haidrojeni, na ile gesi inalipuka. Kwa hiyo pia sigara weka mbali.

Ule unga wa kijani au mweupe umwagie maji ya uvuguvugu yenye magadi, utachemka mapovu, sugua, suuza, kausha. Magadi yasiingie ndani ya betri, hakikisha vifuniko vimebana. Afu chukua msasa usugue ndani ya pete ya teminali na kichwa cha betri mpaka uone risasi inang'aa. Angalia vizuri hapo ndani, mara nyingi kuna utando mweusi mwembamba kama moshi, kwa nje teminali imekaa safi na imebana, kumbe umeme unapita kwa shida.

Sasa fuata waya mweusi wa athi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Fungua zile bolti, sugua, funga. Kwenye gari zilizopigwa rangi upya unakuta fundi alifunga athi juu ya rangi.

Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Bana mpaka teminali isizunguke kwa mkono, paka vaselini au grisi juu baada ya kufunga, sio kabla.

Umefanikiwa kama: ukishika teminali ukajaribu kuizungusha haisogei hata kidogo.

## Hatua ya 4: Maji, kama betri sio kavu (ile isiyofunguliwa)

Betri zenye vifuniko sita fungua vyote, tumia tochi, usitumie kiberiti jamani. Maji yafunike plate, zile sahani za risasi ndani, kwa sentimita moja au moja na nusu. Ukikuta plate ziko wazi ongeza maji ya betri mpaka yazifunike tu, chajisha, afu ndo umalizie mpaka kwenye alama, manake yakichajiwa yanapanda.

Usiongeze asidi. Kinachopotea ni maji, asidi inabaki ndani, ukiongeza asidi unaongeza ukali na plate zinaliwa. Kama tundu moja linakausha kila mara na mengine matano yako sawa, hiyo seli imeharibika, usipoteze muda.

## Hatua ya 5: Chajisha ijae kweli

Hapa ndo watu wanapinga. Wanasema oltaneta, ile inayozungushwa na mkanda wa injini kutoa umeme, itachaji. Oltaneta imetengenezwa kurudisha umeme kidogo ulioliwa na stata, betri iliyoishiwa inataka masaa mengi ya barabarani, na kuacha gari inanguruma silensa (bila kukanyaga mafuta) dakika kumi na tano nje ya nyumba ni kuchoma mafuta tu. Mtu anayetoka nyumbani kwenda dukani kilomita mbili, taa zimewaka, hita ya kioo cha nyuma imewaka, feni imewaka, jioni hivyo hivyo, betri yake inashuka kila siku mpaka ifike ile nusu niliyosema.

Tumia chaja kwa ampea kama sehemu moja ya kumi ya Ah za betri (ampea-saa, yani kiasi cha umeme inachobeba). NS40 zile ndogo za Vitz na IST zina Ah 35 hivi, kwa hiyo ampea 3 mpaka 4, usiku mzima. N70 za pikapu na Prado za dizeli ampea 7. Ukipeleka kwa fundi mwambie kabisa hutaki chaji ya haraka. Betri ikiwa ya moto huwezi kuweka kiganja, imezidishiwa. Chajisha sehemu yenye hewa, sio chumbani unakolala.

Ikae masaa kadhaa baada ya kuchaji ndo upime. 12.6 na zaidi, endelea. Kama inagoma kuvuka 12.3 hata baada ya usiku mzima, betri imekufa na unaweza kwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kununua.

## Hatua ya 6: Pima wakati stata inazunguka

Betri imejaa, asubuhi ya baridi, testa kwenye vichwa vya betri, mwenzio apige stata. Angalia namba ya chini kabisa.

Ikibaki juu ya 10, betri haina neno. Siku ya joto mpaka wake ni 9.6, ila kwenye nyuzi 10 unaweza kukubali 9.4, na kwenye baridi ya kuganda kama Kitulo kule Makete 9.1 bado sio msiba. Chini ya hapo wakati ilikuwa imejaa, betri imechoka.

Afu pima hasara ya njiani, hii mafundi wengi hawafanyi. Ncha moja ya testa kwenye risasi ya kichwa cha chanya, nyingine kwenye teminali yake, piga stata: inatakiwa karibu sifuri, ikizidi 0.2 rudi hatua ya 3. Halafu ncha moja kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma cha injini: ikizidi 0.5 athi ni mbovu, badilisha waya. Kama betri haishuki, njia haina hasara, na stata bado inazunguka kama imelewa, basi sasa ndo unaruhusiwa kuishuku stata.

## Hatua ya 7: Oltaneta, na mwizi wa usiku

Injini ikiwa inawaka pima betri: 13.8 mpaka 14.5 ni nzuri. Washa taa, feni na hita ya kioo, isishuke chini ya 13.2. Ikishuka angalia mkanda kwanza, unalegea na asubuhi unapiga kelele. Ikizidi 15 inachemsha betri, ndo maana maji yanaisha kila wiki. Gari mpya mpya zinazoongozwa na kompyuta zinaweza kuonyesha chini kidogo betri ikijaa, kwa hiyo usihukumu kabla hujawasha hivyo vitu.

Kuna ule mchezo wa kuchomoa teminali gari ikiwa inawaka ili kuona kama oltaneta inafanya kazi. Fundi akitaka kufanya hivyo kwenye gari yako mzuie. Volti zinaruka juu ghafla, oltaneta na kontroli boksi vinaungua, na hakuna atakayekulipa.

Mwizi wa usiku: hamisha waya mwekundu wa testa kwenye tundu la ampea 10, fungua hasi, weka testa katikati ya kichwa cha hasi na waya wake. Funga milango, subiri nusu saa gari ilale. Isizidi ampea 0.05. Usiguse swichi ya gari wakati testa iko hapo, fyuzi yake itakatika.

Ukiona 0.5, piga hesabu: masaa 12 ni Ah 6, kwenye betri ya Ah 35. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni Ah 30, yani hamna kitu. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Washukiwa wa kwanza ni alamu, traka, redio ya skrini iliyofungwa mtaani ikaungwa kwenye umeme usiokatika, na kitaa cha buti kisichozima.

## Hatua ya 8: Dizeli na oil

Dizeli haina cheche, inawaka kwa joto la mgandamizo, na injini ya baridi inalinyonya lile joto. Washa swichi, subiri kile kitaa cha njano chenye umbo la springi kizime, ndo upige. Baridi ikiwa kali rudia mara mbili. Ikiwaka ikitetemeka na moshi mweupe dakika za mwanzo, hita plagi moja au mbili zimekufa: toa waya wake, pima ukinzani kutoka ncha mpaka chuma cha injini, nzima inasoma kidogo sana kama ohm moja hivi, iliyokufa haisomi kitu. Toa pia maji yaliyojikusanya kwenye filta ya dizeli, kuna kifungulio chini yake.

Usiweke kitambaa chenye petroli kwenye njia ya hewa wakati hita plagi zinawaka, kinalipukia usoni. Na jiko la mkaa chini ya injini ni moto wa gari, ukifunga na geti la gereji ni sumu ya hewa.

Oil: namba iliyo kabla ya W ndo ya baridi. 20W-50 au ile nzito ya 40 inayouzwa kwenye ndoo inafanya stata iteseke. Vitz na IST kitabu kinasema 5W-30, tumia hiyo.

## Ukiwa na haraka: kushtua bila kuunguza

Kwanza hakikisha gari inayokusaidia ni volti 12. Fuso, Scania, mabasi, na Coaster nyingi za dizeli ni volti 24, ukiunga kwenye IST unaunguza kompyuta. Ukiona betri mbili pima kwanza. Hybrid kama Aqua na Prius usiitumie kushtua gari ya mwenzio. Yenyewe ikigoma kinachoishiwa ni kabetri kadogo ka volti 12, kwa Prius kako nyuma, na kwenye boksi la fyuzi mbele kuna sehemu ya kuunga yenye kifuniko chekundu. Waya za rangi ya chungwa usiguse.

Magari yasigusane. Kisha:

1. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa.
2. Nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima.
3. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima.
4. Nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri, ili cheche isiwe kwenye gesi.

Gari nzima iwake dakika tano kumi, ndo upige stata. Ikiwaka toa kwa kurudi nyuma, nne mpaka moja. Siku hiyo hiyo fanya hatua ya 5.

Kusukuma ni kwa manyo tu: swichi on, gia ya pili, klachi chini, ikipata mwendo achia. Kwenye miteremko ya Njombe kumbuka breki na usukani ni vizito injini ikiwa imezima, msiache iteremke kama barabara inaishia kona. Otomatiki mtachoka bure.

Kwa mlioko nchi za barafu, kama Minnesota ya Marekani na Canada: betri iliyovimba au inayoonyesha barafu ndani usiishtue wala kuichaji. Betri tupu inaanza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, iliyojaa haigandi hata kwenye baridi yenu.

## Ukilazimika kununua

Chukua saizi ile ile na upande ule ule wa chanya, vinginevyo waya hazifiki. Kati ya mbili zenye saizi sawa chukua yenye CCA kubwa, hiyo ndo namba ya nguvu ya kupiga stata kwenye baridi. Ya zamani usiitupe, maduka mengi yanaichukua na kukupunguzia bei.

Nenda na testa yako. Betri iliyokaa kwenye shelfu muda mrefu inashuka yenyewe, ikisoma chini ya 12.4 mwambie muuzaji aichajishe au akupe nyingine. Ukishaifunga bana na ile fremu yake isicheze, barabara zetu zinavunja plate, na andika tarehe juu yake kwa makapeni, hiyo tarehe ndo utakayoonyesha dukani ukirudi na waranti.